Kwa Nini Unguja na Si Pemba

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, watu waliobeba mapanga, mikuki na pinde walivamia kambi za polisi za Ziwani na Mtoni, kisiwani Unguja, wakachukua silaha. Siku hiyohiyo Sultan Jamshid bin Abdullah alipanda meli akaondoka, na serikali iliyopokea uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 10 Desemba 1963, siku 33 tu nyuma, ikawa imekwisha. Hayo kila aliyesoma historia ya Afrika Mashariki anayajua. Lisilosemwa sana ni kwamba Pemba haikupindua. Pemba ilipinduliwa siku chache baadaye, na watu waliotoka Unguja.

Kwangu mimi hili ndilo swali lenye faida kuliko yote yanayoulizwa kuhusu Mapinduzi ya Zanzibar. Visiwa viwili, sultani mmoja, mkoloni mmoja, dini moja, lugha moja, zao moja la karafuu. Na karafuu nyingi zaidi zilitoka Pemba, tangu kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama. Kama chanzo cha mapinduzi ni utajiri wa karafuu kukaa mikononi mwa wachache, Pemba ingetangulia. Kama chanzo ni kuwapo kwa Waarabu na Waafrika katika nchi moja, Pemba nayo ilikuwa na Waarabu, tena kila kona. Kama ni umaskini, Mpemba wa kawaida hakuwa tajiri. Kila jibu jepesi ukilipeleka Pemba linakwama.

Tuanze na ardhi.

Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, lakini mashamba hayakugawiwa. Mwenye shamba alibaki na mikarafuu yake, na aliyekuwa mtumwa alibaki na mikono yake. Waingereza walitumai watumwa wa jana wangegeuka vibarua wa leo, waje asubuhi, wafanye kazi kwa zamu, walipwe mshahara. Hawakukubali. Walichokubali ni mpango mwingine ambao haukuandikwa popote, na ambao mwanahistoria Frederick Cooper ameueleza kwa undani katika kitabu chake cha 1980 kuhusu watumwa waliogeuka maskwota. Mtu na familia yake walikaa ndani ya shamba la karafuu, wakajenga kibanda, wakalima chini na katikati ya mikarafuu. Walipanda muhogo, viazi vitamu, ndizi, kunde, mbaazi. Mara nyingi hawakulipa kodi. Kwa kulima chakula chao waliliweka shamba safi, na palizi ndiyo kazi kubwa ya mwaka mzima katika shamba la karafuu. Msimu wa kuchuma ulipofika walipanda juu ya miti pamoja na vibarua wengine, wakalipwa kwa pishi. Baadaye wabara waliokuja kutafuta kazi, Wanyamwezi, Wazaramo na wengineo, wakaingia katika mpango huohuo.

Sharti moja halikuvunjwa: skwota hakupanda mti wa kudumu. Muhogo ruhusa, mnazi hapana. Ndizi ruhusa, mwembe na mkarafuu hapana. Katika desturi za visiwani mti una mwenyewe hata kama ardhi si yake, kwa hiyo kumwachia mtu apande mnazi ni kukiri kwamba ana haki pale, yeye na watoto wake. Mikarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa na huishi miongo mingi. Mtu aliyekatazwa kupanda mti wa namna hiyo ameambiwa kwamba makazi yake ni ya msimu, hata kama babu yake kazikwa pale.

Ulikuwa mpango wa dhuluma, hilo sina shaka nalo. Lakini uliwapa watu uhakika wa mlo na mahali pa kulala, na ukadumu miaka sitini. Ndani yake kulikuwa na mazoea, salamu, kuhudhuriana kwenye misiba na harusi, kukopeshana. Mwenye shamba alijiona mlezi. Skwota alijiona mtu mwenye haki ya kutofukuzwa. Kila mmoja aliuelewa mpango kwa namna yake, na kwa kuwa haukuandikwa hakuna aliyelazimika kugundua kwamba hawakuwa wameelewana.

Mwaka 1957 ndipo ulipovunjika. Mwezi Julai ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, viti sita tu. Chama cha ZNP, ambacho watu walikiita Hizbu, hakikupata hata kimoja. Kiongozi wake, Sheikh Ali Muhsin Barwani, alishindwa na Abeid Amani Karume katika jimbo la Ng'ambo. Huko mashambani, wenye mashamba wengi walikuwa Hizbu na maskwota wengi walikuwa upande wa Karume, katika chama kilichokuja kujulikana kama Afro-Shirazi, au Afro tu. Mwenye shamba aliyejiona mlezi akatazama kura na kuona utovu wa shukrani. Maskwota wakaanza kufukuzwa. Wengine walitolewa mihogo ikiwa bado ardhini. Upande wa Afro ukajibu kwa kugomea maduka ya Waarabu vijijini, na kufikia 1958 mgomo umeingia hadi kwenye mazishi: watu waliozikana miaka yote wakawa hawahudhurii maiti za wenzao. Wazanzibari wanakiita kipindi hiki zama za siasa, na wazee walioziona hawalitaji jina hilo kwa furaha.

Hapa ndipo ninapopata jibu la kwanza la swali la mapinduzi, na si la Zanzibar peke yake. Mwaka 1976 James Scott aliandika kitabu kuhusu wakulima wa Burma na Vietnam walioasi karibu mwaka 1930. Alionyesha kwamba mkulima hapimi dhuluma kwa kiasi anachochukuliwa. Anapima kwa kile anachobakishiwa, na kama kilichobaki kinatosha kumvusha mwaka wa njaa. Bwana anayechukua sana lakini hufungua ghala wakati wa ukame huvumiliwa. Anayechukua kidogo bila kujali mwaka umekuwaje huchomewa nyumba. Zaidi ya karne moja kabla ya Scott, Mfaransa Alexis de Tocqueville alishangazwa na jambo linalofanana na hilo: mapinduzi ya nchi yake ya 1789 hayakulipuka pale mizigo ya ukabaila ilipokuwa mizito zaidi Ulaya, bali Ufaransa, ambako sehemu kubwa ya mizigo hiyo ilikuwa imekwisha legea. Bwana aliyeacha kumlinda na kumhukumu mkulima, lakini akaendelea kudai haki zake za zamani, alionekana mnyonyaji mtupu.

Dhuluma kongwe, kwa hiyo, haiwapeleki watu kwenye uasi kwa sababu tu ni dhuluma. Watu wanaweza kuishi nayo vizazi vitatu au vinne. Kinachowatoa majumbani ni kuvunjwa kwa yale maelewano yaliyoifanya ibebeke, hasa yanapovunjwa na yule mkubwa, tena ghafla.

Sasa vuka bahari uende Pemba. Unguja imegawanyika kana kwamba mtu kaikata kwa kisu: magharibi ardhi nzuri yenye rutuba, mashariki na kusini nchi ya mawe ambako jembe linagonga jabali. Mashamba makubwa yalijaa magharibi, na wenyeji wengi wa Unguja, Wahadimu, wakawa watu wa upande wa mawe, wavuvi na wakulima wa mashamba madogo, wakija kwenye karafuu kwa msimu. Magharibi wakabaki wenye mashamba na maskwota, pande mbili zinazotazamana na katikati hamna mtu. Pemba haina mkato huo. Ni vilima na mabonde kisiwa karibu chote, mpunga bondeni, karafuu mlimani, na hakukuwa na upande wa kuwasukumia wenyeji. Wapemba wengi walikuwa na mikarafuu yao wenyewe, huyu ishirini, yule mia, katikati ya mashamba ya Waarabu ambao wengi wao nao hawakuwa na miti mingi kuliko majirani zao. Walioana. Waliswali msikiti mmoja na wakaathirika pamoja bei ya karafuu iliposhuka. Vibarua wa kuchuma walikuja kwa msimu kutoka Unguja na bara, kisha wengi wakarudi, na maskwota hawakuwa tabaka kubwa kama Unguja. Michael Lofchie, aliyeandika kitabu cha kwanza kikubwa cha kitaaluma juu ya chanzo cha mapinduzi haya, mwaka 1965, aliiona tofauti hii, na kila aliyemfuata amelazimika kuijibu.

Sisemi Pemba ilikuwa pepo. Madeni yaliwakaba wenye miti, Waarabu kwa Wapemba, na sehemu kubwa ya faida iliishia kwa wafanyabiashara na kwa ushuru wa serikali. Lakini Mpemba mwenye miti ishirini alikuwa na kitu chake cha kupoteza. Aliposikia jukwaani kwamba makabaila watanyang'anywa mashamba alijiuliza kama yeye naye ni kabaila. Kura yake ilikwenda kwa wingi kwa chama cha ZPPP cha Mohamed Shamte na kwa Hizbu.

Mjini Unguja mambo yalikuwa na sura yake, lakini mantiki ni ileile. Ng'ambo, mtaa mkubwa wa watu maskini upande wa pili wa Mji Mkongwe, ulijengwa na watu waliokaa juu ya ardhi ya wengine. Mwanzoni wengi hawakulipa chochote au walilipa kidogo. Tajiri aliyewaacha wajenge alipata heshima na wafuasi. Katika miaka ya 1920 ardhi ikaanza kuwa bidhaa, na kodi ya kiwanja ikadaiwa na kupandishwa. Watu wa Ng'ambo wakagoma kulipa, na mwaka 1928 umati ukavamia jela kuwatoa waliofungwa kwa kutolipa. Ni hadithi ya skwota, miaka thelathini kabla. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili mchele haukugawiwa kwa usawa, na kabila aliloandikishwa mtu lilikuwa na uzito katika alichopata. Wapo waliobadili kabila kwenye karatasi ili wale wali, na serikali ikawa imewafundisha watu kwamba asili ya mtu ni jambo la tumboni. Mwaka 1948 wapagazi wa bandarini waligoma kwa sababu ya mshahara usiolingana na bei za vitu, mgomo ukaenea mji mzima, Agosti hadi Septemba.

Lakini hasira za watu hazina njia moja ya kupita, na hapa mwandishi wa historia inabidi ajizuie. Mwaka 1951 wakulima wa Kiembesamaki, karibu na uwanja wa ndege, walikataa ng'ombe wao kuchanjwa na kuogeshwa kwa amri ya serikali. Ardhi yao ilikuwa imekwisha kumegwa kwa ajili ya uwanja. Polisi walipiga risasi watu wakafa, na tukio hilo likaitwa Vita vya Ng'ombe. Wakulima hao, Waafrika maskini walionyang'anywa ardhi, waliunda chama kilichojiita cha raia wa Sultani, na chama hicho ndicho kilichokuja kuwa Hizbu. Walimwona adui yao kuwa Mwingereza, na Sultani wakamwona wao. Dhiki ya Kiembesamaki na dhiki ya skwota wa shamba la karafuu hazikutofautiana sana, lakini kila moja ilipata msemaji wake. Wasemaji wakubwa walikuwa magazeti. Gazeti la Mwongozi lilimchora mbara kama mgeni asiye na ustaarabu. Afrika Kwetu likamkumbusha msomaji minyororo ya watumwa na kumwonya kwamba Hizbu wakishinda utumwa utarudi. Miaka sita ya maneno hayo ilifanya kazi ambayo njaa peke yake isingeifanya: iliwafanya watu waitazame dhiki yao wakaona uso wa jirani. Pande zote mbili zina dhambi hiyo, na sioni sababu ya kuipaka rangi.

Hesabu ya kura nayo iliumiza. Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa wa viti 22. Afro walipata 10, Hizbu 9, ZPPP 3, na wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, kukawa sare. Kiti kimoja cha Afro, cha Chake Chake, kilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Uchaguzi ukarudiwa Juni kwa viti 23, na safari hii Afro wakapata karibu nusu ya kura zote na viti 10, huku Hizbu na ZPPP kwa pamoja wakiwa na 13. Julai 1963, uchaguzi wa kuamua nani apokee uhuru, Afro walipata asilimia 54 ya kura na viti 13 kati ya 31. Sababu haikuwa ya siri: Afro walirundika kura nyingi mno katika majimbo ya Ng'ambo na mashamba ya Unguja, wenzao wakashinda majimbo mengi zaidi, hasa Pemba, kwa tofauti ndogo. Ni kanuni ya Kiingereza ya mshindi wa jimbo, na kisheria haikuwa na kasoro. Lakini kwa skwota aliyefukuzwa shambani kwa ajili ya kura yake, aliyeambiwa miaka sita kwamba wengi watatawala, akahesabu akaona wao ndio wengi na serikali ni ya wengine, kanuni hiyo haikuwa na maana. Sanduku la kura lilikuwa mpango wa pili ulioahidi kumlinda, nao ukavunjika. Tena ulivunjwa na kisiwa cha pili, jambo ambalo limeacha chuki kati ya visiwa ambayo haijakauka.

Hata hivyo wenye uchungu hawapindui serikali yenye nguvu. Juni 1961, siku ya uchaguzi, ghasia zilianza mjini Unguja kwa tuhuma za udanganyifu na zikaenea mashambani. Watu 68 waliuawa, karibu wote Waarabu. Hasira ilikuwa ileile ya 1964, na maeneo ni yaleyale ya maskwota. Serikali haikuanguka, kwa sababu Waingereza walileta askari kutoka Kenya, na ghasia zikazimwa. Theda Skocpol, aliyelinganisha Ufaransa, Urusi na China katika kitabu chake cha 1979, angesema hilo lilitarajiwa. Mfalme wa Urusi aliponea chupuchupu mwaka 1905 kwa kuwa jeshi lilibaki naye. Mwaka 1917 askari wa Petrograd walipokataa kuwapiga risasi raia wenzao, ufalme wa karne tatu ulianguka kwa siku chache. Uchungu wa watu huelekeza mapinduzi yatakuwa ya nani dhidi ya nani. Kama yatafanikiwa, hilo huamuliwa na hali ya dola.

Dola ya Shamte, aliyeongoza serikali ya Hizbu na ZPPP, ilikuwa haina jeshi. Haikuwa na mkataba wa ulinzi na Uingereza, na maofisa wa Kiingereza walikuwa wanafunga mizigo. Iliyobaki ni polisi, na polisi wengi walikuwa wabara, walioajiriwa zamani na Waingereza kutoka Tanganyika na kwingineko. Serikali mpya iliwashuku kuwa ni Afro. Ikaanza kuwaachisha kazi. Nionavyo mimi, hakuna uamuzi uliogharimu zaidi ya huu katika historia ya visiwa. Watu waliofundishwa kutumia bunduki, wanaojua bohari iko wapi, mlango unafunguka vipi na zamu hubadilishana saa ngapi, walitolewa kambini bila ajira na kuachwa mitaani Ng'ambo, kati ya vijana wa Afro waliokuwa tayari na hasira. Askari hawa nao walikuwa na maelewano yao na serikali: utiifu kwa mshahara na nyumba. Mwanzoni mwa Januari 1964 serikali ikapiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Mohamed Babu, kilichojitenga na Hizbu mwaka uliotangulia kikiwa na vijana wasomi wa mrengo wa kushoto. Ndani ya majuma machache serikali ilikuwa imejiongezea maadui wawili ambao ingeweza kuwaacha wakae kimya.

Wapo wasioridhika na maelezo ya namna hii. Harith Ghassany, katika kitabu chake cha 2010, amekusanya masimulizi yanayoonyesha mkono wa Tanganyika, zikiwemo habari za wafanyakazi wa mashamba ya mkonge ya Tanga waliovushwa kuja kupigana. Wengine wanamtaja John Okello wa Uganda, aliyejiita Field Marshal na kutangaza redioni, kana kwamba mtu mmoja alikuja na mapinduzi mfukoni. Masimulizi hayo yana thamani yake na sioni haya kuyasoma. Lakini hayajibu swali la Pemba. Okello mwenyewe aliishi Pemba kabla ya kuhamia Unguja, akaifahamu, na huko hakupata watu wa kumfuata kwa idadi ya maana. Mpangaji anaweza kupanga saa, njia na silaha. Hana namna ya kutengeneza maelfu ya watu ambao asubuhi yake wanatoka vibandani wakijua wanakwenda shamba la nani.

Na walikwenda. Kuhusu waliouawa Januari 1964 idadi inabishaniwa hadi leo, makadirio mengi yakitaja maelfu, wengi wao Waarabu. Mtu akirudi nyuma kusoma habari za ghasia za 1961, ambazo tume ya Sir Stafford Foster-Sutton ilizichunguza, anakutana na jambo linaloumiza roho. Waliochinjwa mashambani hawakuwa kwa kawaida makabaila wenye mikarafuu maelfu. Wengi walikuwa Wamanga, Waarabu maskini waliokuja na pepo za kaskazi kutoka Oman, wenye viduka vya bati na udongo njiani, wauza mafuta ya taa, chumvi na sukari ya kupima. Huyo ndiye Mwarabu ambaye skwota alimwona kila siku, ndiye aliyemkopesha na kuandika deni daftarini, na aliishi peke yake katikati ya shamba bila ukuta. Aliyevunja mpango alikuwa na nyumba ya mawe mjini. Wanaoeleza mapinduzi kwa lugha ya matabaka tu hulipita jambo hili haraka, na mimi naona si haki kulipita. Tabaka lilieleza kwa nini watu walikasirika. Magazeti na majukwaa ya zama za siasa ndiyo yaliyowaambia mkasirikiwe ni nani, nayo yaliwaambia rangi.

Serikali ya mapinduzi iliitaifisha ardhi, na baadaye ikaigawa kwa eka tatu tatu kwa familia. Wazee wa Unguja wa upande ulioshinda wanaikumbuka eka tatu kwa namna ambayo hotuba haiwezi kuieleza: palepale palipokatazwa kupandwa mnazi, mtu akapanda mnazi. Kisheria ardhi ilibaki ya serikali na mpewa alikuwa na haki ya kuitumia kwa masharti, lakini hofu ya kufukuzwa kwa sababu ya kura ilikuwa imeondoka, kwa kuwa kura zenyewe ziliondoka. Zanzibar haikupiga tena kura ya vyama vingi hadi 1995.

Pemba, eka tatu zilifika zikiwa na maana tofauti. Kisiwa ambacho wenyeji wengi walikuwa na miti yao kiligawiwa kana kwamba kilikuwa nchi ya makabaila na maskwota. Viongozi waliopelekwa kutoka Unguja waliwaona Wapemba wote kuwa Hizbu, na miaka ya mwanzo ya mapinduzi inakumbukwa huko kama siku za bakora, watu wazima wakichapwa hadharani mbele ya wake na watoto wao. Maelewano ya Pemba kati ya mwenye miti mingi na mwenye miti michache, ambayo yalikuwa yamestahimili zama za siasa, yalivunjwa kutoka juu, na serikali. Uchaguzi wa vyama vingi uliporudi Oktoba 1995, chama cha upinzani cha CUF kilichukua viti vyote 21 vya Pemba, na CCM, mrithi wa Afro, ikabaki madarakani kwa viti vya Unguja, 26 dhidi ya 24 vya CUF kwa jumla.